Vyuo Viwili, Uthibitisho Mmoja: Namna ya Kuchagua kwa Busara

Wapendwa wasomaji, kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, kwa kawaida mwezi Julai, parokia zetu huingia katika kipindi ambacho hakimo katika kalenda ya liturujia, lakini kila jumuiya ndogo ndogo inakifahamu. Ni kipindi cha maombi ya vyuo. Huko Balangdalalu, wilayani Hanang, Jimbo la Mbulu, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Manyara, mwana aliyefaulu anakuwa habari ya kitongoji kizima. Wazazi wanahesabu ng'ombe, gunia za mahindi na mbaazi. Kaka mwenye simu ya kisasa anapewa kazi ya kufuatilia. Katika nia za jumuiya, jina la kijana linatajwa.

Mara nyingi tunaombea kijana apate chuo. Ni nadra kumwandaa kwa jambo linaloweza kufuata, yaani kupata vyuo viwili. Hapo sala imekwisha kujibiwa, na kazi ya kuchagua imebaki. Anapewa siku chache, na akichelewa anaweza kukosa vyote viwili. Katika makala hii tunapenda kueleza utaratibu wa uchaguzi huo ulivyo, na namna ambavyo falsafa na mapokeo ya Kanisa vinaweza kumsaidia kijana na familia yake. Tunachotaka kusema ni hiki: anayechagua aanze na lengo lake, ahesabu gharama mpaka mwaka wa mwisho, apokee shauri, kisha akate neno mwenyewe na kulisimamia.

Utaratibu ulivyo nchini

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo wengi tunaiita TCU, ilianza kazi mwaka 2005. Kuanzia mwaka 2010 waombaji walipitia mfumo mmoja wa pamoja ambao uliwapangia vyuo. Tangu mwaka 2017 utaratibu ulibadilika, na sasa mwombaji anaomba moja kwa moja katika vyuo anavyovitaka. Udahili unafanyika kwa awamu. Kijana anaweza kuomba vyuo viwili, vitatu au zaidi, na akiwa na ufaulu mzuri anaweza kuchaguliwa katika zaidi ya kimoja.

Kwa kuwa mtu mmoja hawezi kukaa katika viti viwili, TCU inamtaka aliyechaguliwa katika vyuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja tu. Anatumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa barua pepe aliyoitumia wakati wa kuomba, naye anaiingiza katika mfumo wa chuo anachokitaka kabla ya siku ya mwisho iliyotangazwa. Tarehe na masharti hutangazwa kila mwaka, hivyo ni muhimu kusoma tangazo la mwaka husika. Mwaka jana wa kaka si kipimo cha mwaka huu.

Nchi nyingine zina njia tofauti. Marekani, kwa mfano, vyuo vingi vina utaratibu unaoitwa uamuzi wa mapema. Mwanafunzi huomba chuo kimoja mnamo mwanzo wa Novemba, miezi mingi kabla ya masomo kuanza, na yeye pamoja na mzazi na mshauri wa shule hutia saini kwamba akikubaliwa atakwenda huko na kuacha maombi mengine. Jibu hutoka katikati ya Desemba. Kule neno linafunga kabla ya kukubaliwa, na kwetu linafunga baada ya kukubaliwa. Ugumu wa ndani, hata hivyo, ni ule ule: kusema ndiyo kwa chuo kimoja ni kusema hapana kwa kingine, na jibu linatakiwa kabla mtu hajajua kila kitu.

Kwetu lipo jambo moja linaloongeza ugumu. Mara nyingi orodha za waliopata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huanza kutoka baada ya muda wa kuthibitisha katika awamu ya kwanza kupita. Kwa hiyo kijana wa familia isiyo na uwezo anathibitisha chuo kabla ya kujua atapata mkopo kiasi gani, au kama atapata. Ndiyo sababu tunasema jambo hili linahitaji busara. Kuwa na taarifa hakutoshi.

Mfano: Dodoma au Moshi

Tumchukue binti wa mfano kutoka Balangdalalu. Amesoma tahasusi ya sayansi, anataka kuwa mwalimu wa sayansi, na amechaguliwa katika vyuo viwili. Cha kwanza ni Chuo Kikuu cha Dodoma, chuo cha serikali kilichoanzishwa mwaka 2007. Cha pili ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki Mwenge kilichoko Moshi, kilicho chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuandaa walimu. Vyote vinatambuliwa, na vyote vinafundisha ualimu wa sayansi.

Hata barabara haimsaidii kuchagua. Akifika Babati, akielekea kusini kupitia Kondoa ana kama kilomita 250 mpaka Dodoma. Akielekea kaskazini kupitia Arusha, ana kama kilomita 250 mpaka Moshi.

Wanafunzi wa falsafa watakumbuka hapa punda wa Buridan. Jean Buridan alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Paris katika karne ya 14. Mfano unaobeba jina lake haupatikani katika maandishi yake. Inaonekana wapinzani wa mawazo yake ndio waliomhusisha nao. Unasema hivi: punda mwenye njaa amewekwa katikati ya marundo mawili ya nyasi yanayolingana kwa kila kitu, kwa umbali ule ule. Kwa kuwa hana sababu ya kupendelea moja, anabaki amesimama mpaka anakufa kwa njaa.

Sisi tuliokulia kwenye punda tunajua kwamba hakuna punda wa namna hiyo. Punda wa Hanang angekula rundo la kwanza na kuhamia la pili. Lakini binadamu wa namna hiyo yupo. Anabaki kulinganisha, anauliza huyu na yule, anaahirisha mpaka kesho, na dirisha linafungwa. Punda anaokolewa na silika yake, na binadamu anahitaji fadhila.

Fadhila ya busara na matendo yake matatu

Fadhila hiyo ni busara, ya kwanza kati ya fadhila nne za msingi. Katika mazungumzo ya kawaida tunamwita mtu mwenye busara yule anayesema polepole na kuepuka ugomvi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaielewa kwa upana zaidi. Kwake busara ni akili nyoofu katika mambo ya kutenda, na ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu lililo bora, na kuamuru litendeke. Tendo la tatu ndilo kuu, kwa sababu aliyeshauriana vizuri na kuhukumu vizuri, kisha asitende, hajafikia busara bado.

Kabla ya matendo hayo matatu kuna jambo ambalo Aristotle alilifundisha katika maadili yake: hatushauriani juu ya lengo, bali juu ya njia za kulifikia. Mganga hakai kujiuliza kama amponye mgonjwa. Anajiuliza amponye kwa dawa gani. Ikiwa lengo halijulikani, shauri lote linakosa mahali pa kusimama, na watu wanaishia kubishana juu ya majina ya vyuo.

Lengo kwanza

Swali la kwanza la binti yetu, basi, ni "Nataka kuwa nani, na nimtumikie nani?" Lile la "Chuo gani kina jina?" lisubiri. Akijibu kwamba anataka kufundisha fizikia na hisabati katika shule za vijijini, ambako walimu wa masomo hayo ni wachache, basi anayo mizani. Anaweza kuuliza maswali yenye majibu. Je, kozi niliyopangiwa katika kila chuo inanipa masomo mawili ya kufundishia ninayoyataka, au jina la kozi linafanana tu? Maabara zikoje? Mafunzo ya ualimu kwa vitendo hufanyika lini, na ni nani anayegharamia safari? Wahadhiri wanafikika, au darasa ni kubwa kiasi kwamba mwanafunzi wa nyuma haonekani?

Hapa tunapenda kutoa ushauri ambao vijana wengi hawapendi kuusikia: kwa kawaida kozi ina uzito kuliko chuo. Kijana aliyechaguliwa kozi anayoitaka katika chuo kisicho na sifa sana mtaani, na kozi asiyoitaka katika chuo chenye jina, afikiri mara mbili kabla ya kufuata jina. Ualimu ni miaka mitatu, uhandisi ni minne, na udaktari wa binadamu ni mitano. Hiyo ni miaka mingi ya kusoma kitu ambacho moyo na akili havikitaki, na baada yake kuna maisha ya kazi.

Lakini lengo lisiwe la kujipendeza tu. Tunapowasikia wazazi wakisema "soma upate kazi," wasidharauliwe. Kijana ana wadogo zake nyumbani. Kuwasaidia ni sehemu halali ya lengo, na Amri ya Nne inatukumbusha wajibu wetu kwa wazazi.

Kuhesabu gharama

Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu kama ana vya kutosha kuumaliza. Mfano huo unahusu kumfuata Kristo, lakini Bwana aliuchukua kutoka katika busara ya kila siku, nasi tunaweza kuurudisha huko. Angalia neno "kumaliza". Familia nyingi huhesabu gharama ya kuanza: nauli, godoro, ndoo, ada ya muhula wa kwanza. Ng'ombe wawili wanauzwa mnadani, binti anapanda basi, na wote wanashukuru. Shida huja mwaka wa pili.

Tunapendekeza familia ikae na daftari, ichore safu mbili, moja kwa kila chuo, na kuandika gharama za mwaka mmoja kisha kuzidisha kwa miaka ya kozi. Iandike ada na michango mingine ya chuo. Fomu ya maelekezo ya kujiunga inaonyesha vyote. Iandike malazi. Iandike chakula, vitabu, bima ya afya, na safari. Kwa kozi ya miaka mitatu, akienda na kurudi mara mbili kwa mwaka, ni safari 12, na kila safari inaanzia Balangdalalu, si Babati.

Kisha waangalie mkopo kwa ukweli. Mkopo hutolewa kwa wanafunzi wa vyuo vya serikali na vya binafsi vinavyotambuliwa, kwa kuzingatia uhitaji, kozi na vielelezo alivyowasilisha mwombaji. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Lakini anayepangiwa mkopo hapangiwi lazima kila kitu. Ada ya chuo binafsi inaweza kuzidi kiasi cha ada alichopangiwa, na tofauti inabaki kwa familia. Tena mkopo ni deni: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa mpaka liishe.

Kwa kuwa jibu la mkopo linaweza kuja baada ya kuthibitisha, njia ya busara ni kuuliza mapema: "Tusipopata mkopo, au tukipata nusu, chuo kipi tunaweza kukimaliza?" Ikiwa jibu ni kimoja tu, mizani imekwisha kulala upande huo. Ikiwa jibu ni vyote viwili, shukuruni Mungu na endeleeni na vigezo vingine. Ikiwa jibu ni hakuna, ni heri kulijua hilo Agosti kuliko kulijua Februari binti akiwa chuoni bila chakula.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliijua shida hii. Alianza kusoma Kilatini pamoja na watoto huko Barcelona akiwa mtu mzima, akapitia Alcalá na Salamanca, na mwaka 1528 akafika Paris. Fedha aliyokuwa nayo alimkabidhi mwenzake amtunzie, na yule akaitumia. Inyasi akalazimika kulala katika nyumba ya maskini iliyokuwa mbali na chuo, ambayo milango yake ilifunguliwa asubuhi kukiwa kumekucha na kufungwa mapema jioni, hata akakosa sehemu ya masomo. Mwanafunzi anayepanga geto mbali na chuo kwa sababu ni rahisi, kisha akakosa vipindi vya asubuhi na maktaba ya usiku, yuko katika hali ile ile. Kwa hiyo, katika daftari, malazi yasihesabiwe kwa fedha tu, yahesabiwe na kwa saa.

Kutafuta shauri

Watu wa Hanang hatuhitaji kufundishwa umuhimu wa kikao. Wairaqw na Wabarbaig wana desturi ndefu ya wazee kuketi kabla ya uamuzi mkubwa, na Wabarbaig wana hata baraza la akina mama. Shida ya siku hizi ni kwamba kijana anapata shauri jingi kutoka kwa watu wasiojua jambo lenyewe, na kidogo kutoka kwa wanaolijua.

Tunashauri atafute watu wa aina tatu. Kwanza, anayekijua chuo kutoka ndani, hasa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa kozi ile ile. Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya ugeni. Pili, anayeijua kazi anayoitaka. Kama ni ualimu, amwendee mwalimu wa sekondari ya karibu, amwulize ni nini anatamani angefundishwa. Tatu, anayemjua yeye mwenyewe: mzazi, mlezi, katekista au padre aliyemwona akikua. Huyo wa tatu anaweza kumwambia ukweli ambao wengine hawaujui, kwa mfano kwamba anapokuwa mbali na nyumbani huugua kwa upweke, au kwamba katika kundi kubwa anajificha.

Wazazi wapendwa, ninyi ni washauri wa kwanza, nanyi ndio mnaotoa ng'ombe. Mnayo haki ya kusema chuo fulani hatukiwezi. Lakini kumtishia mwana kwamba atakosa radhi zenu asipochagua chuo mnachokitaka ni kumnyima nafasi ya kujifunza busara siku anayoihitaji. Mwelezeni sababu. Akielewa sababu, atawatii hata mkiwa hampo.

Katika sehemu hii kuna jambo dogo linalogharimu watu nafasi zao. Waombaji wengi wa vijijini huenda steshenari Katesh au Babati, na mwenye steshenari huwajazia fomu. Wengine wako kambini katika mafunzo ya JKT wakati maombi yanafunguliwa, ambako simu hazipatikani kwa urahisi, hivyo ndugu huwaombea. Namba ya siri ya kuthibitisha inakwenda katika simu iliyoandikwa kwenye fomu. Kama ni simu ya mwenye steshenari, au laini iliyokwisha kufungwa, kijana hataiona. Hakikisheni namba ya simu na barua pepe ni za mtu wa familia anayepatikana, na nywila iandikwe mahali salama. Cheti cha kuzaliwa nacho kihakikiwe RITA mapema kwa ajili ya maombi ya mkopo, kisisubiri wiki ya mwisho.

Kuhukumu: msaada wa Mtakatifu Inyasi

Baada ya shauri, kijana anarudi peke yake mbele ya Mungu. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichochapishwa mwaka 1548, Mtakatifu Inyasi anaeleza namna ya kufanya uchaguzi. Sharti lake la kwanza ni kwamba vitu vinavyochaguliwa viwe vyema au visivyo na ubaya. Baina ya wema na dhambi hatushauriani. Vyuo viwili vinavyotambuliwa vinaingia hapa bila shida.

Sharti la pili ni uhuru wa moyo: kuwa kama mizani iliyosimama katikati, tayari kulala upande wowote utakaomtukuza Mungu zaidi. Hili ni gumu kwa kijana ambaye marafiki zake wote wamechagua Dodoma, au ambaye ameshazoea kusema mbele ya watu kwamba atasoma Moshi. Kabla ya kuhukumu, ajiulize kwa ukweli: ninakwepa nini, ninaogopa nini, ninatafuta sifa ya nani?

Kisha Inyasi anatoa mbinu za kutumia akili. Andika faida na hasara za kila upande. Fikiria mtu usiyemfahamu kabisa, unayemtakia mema yote, amekuja kwako na shida hii hii, ungemshauri nini? Fuata shauri hilo. Jifikirie ukiwa saa ya kufa. Ungependa uwe umechagua vipi? Mbinu hizi zinafanya kazi moja: zinamtoa mtu katika kelele za wiki ile na kumpa umbali wa kuona.

Anatuonya pia tusibadili uamuzi mwema wakati wa ukiwa wa kiroho, yaani wakati moyo umejaa giza na fadhaa. Kijana aliyeamua kwa utulivu Jumatatu, kisha Jumatano usiku akaogopa kwa sababu ya ujumbe wa rafiki, asikimbilie kugeuza. Angoje asubuhi, asali, na asome tena daftari lake.

Chuo cha Kanisa au cha serikali?

Baadhi ya waamini huuliza kama Mkatoliki anapaswa kuchagua chuo cha Kanisa. Papa Yohane Paulo II, katika hati yake ya mwaka 1990 juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, alifundisha kwamba vyuo hivyo vina utume wao wa kutafuta ukweli wote kwa mwanga wa imani na akili. Anayekwenda huko anapata nafasi nzuri ya malezi, nasi tunaithamini. Lakini chuo cha serikali hakimtoi mtu nje ya Kanisa. Wanafunzi Wakatoliki wana chama chao cha TMCS katika vyuo vingi, na Kanisa linahitaji waamini waliokomaa katika taasisi za umma. Kijana ajiulize kwa ukweli juu ya imani yake: inahitaji malezi ya karibu zaidi, au iko tayari kushuhudia kati ya wengi?

Mwalimu Julius Nyerere alisoma shule ya serikali ya Tabora, kisha Makerere. Alipomaliza Makerere mwaka 1945 alirudi Tabora, mji wenye shule yake ya zamani ya serikali, lakini akaenda kufundisha katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Maisha yake yanaonyesha kwamba mtu anaweza kupita katika taasisi za serikali na za Kanisa, na zote zikamjenga.

Kuamuru: kuthibitisha na kusonga mbele

Sasa lile tendo la tatu. Daftari limejaa, shauri limepokelewa, sala imesaliwa. Ibaki kuingiza namba ya siri. Tunashauri lifanyike mapema, siku mbili tatu kabla ya mwisho, kwa kuwa mtandao huzidiwa siku ya mwisho na umeme hukatika bila kuuliza ratiba ya TCU. Kuchelewa kuna madhara kwa wengine pia: nafasi unayoishikilia bila kuitumia, kuna mwenzako anaingoja katika awamu inayofuata. Hapo busara inakutana na haki.

Inyasi anasema kwamba aliyekwisha kuchagua amtolee Mungu uchaguzi wake katika sala, ili Mungu akipenda aupokee na kuuthibitisha. Ni vyema wasomaji wakaliona neno hilo. Uthibitisho wa TCU unafanywa kwa simu kwa dakika chache. Uthibitisho wa pili unakuja polepole, kwa amani inayobaki hata siku ngumu, na kwa matunda ya kazi.

Kijana asishangae akihisi huzuni baada ya kuthibitisha. Chuo alichokiacha kilikuwa kizuri, na kuacha kizuri kunauma. Huzuni hiyo haimaanishi kwamba amekosea. Wala asifikiri kwamba Mungu alificha jibu moja sahihi katika mojawapo ya ujumbe miwili, kwamba akikosa kubahatisha ameharibu maisha yake. Mungu hamtegi mwanawe kati ya mema mawili. Anampa akili, wazazi, walimu na muda, na anamwacha achague kama mtu huru. Na ikitokea baadaye kwamba kozi haimfai kweli, kuna utaratibu wa kuhama, wenye masharti na muda wake. Asiutegemee wakati wa kuchagua, lakini ajue upo.

Sisi waseminari

Kwetu tulioko nyumba za malezi, jambo hili halituhusu kwa mbali. Wengi wetu tulisimama mahali pale pale baada ya kidato cha sita, baina ya chuo na seminari, au baina ya jimbo na shirika. Baadhi yetu bado tunapima. Matendo matatu ya busara ni yale yale: kutafuta shauri kwa walezi na baba wa kiroho bila kuwaficha kitu, kuhukumu kwa moyo huru, na kutenda kwa wakati. Mseminari anayebaki miaka akisema "bado natafakari," wala hasongi mbele wala hatoki, amelingana na aliyeacha dirisha lifungwe. Nyumba ya malezi inamlisha, waamini wanamchangia, na nafasi yake kuna mwingine angeitumia.

Hitimisho

Tunaziomba parokia zifanye jambo moja la vitendo kabla ya Julai ijayo. Jumapili moja baada ya Misa, wakusanywe vijana wa kidato cha sita na wazazi wao, pamoja na wanafunzi wa vyuo walioko likizo, na mwalimu mmoja au wawili. Waelezwe utaratibu wa udahili na wa mkopo, wahakikishe namba zao za simu na vyeti, na kila familia iondoke na daftari lenye safu mbili. Saa tatu zinatosha. Ofisi ya parokia yenye intaneti inaweza kuwasaidia wasio na simu za kisasa wakati wa kuthibitisha.

Na kwa ninyi mlio na ujumbe miwili katika simu hivi sasa: someni tangazo la mwaka huu, kaeni na wazazi, salini, na kabla ya siku ya mwisho mwe mmethibitisha. Roho Mtakatifu, mwenye kipaji cha shauri, awaangazie. Tumsifu Yesu Kristo!